Kuandikisha na kugharimia wanagenzi katika karakana ndogo: tulianza na fundi atakayefundisha

Mwanzisha uzi (mwenye karakana, Morogoro)

Wakuu, salaam. Katika nyuzi za wengine nimeahidi zaidi ya mara moja kueleza jinsi tulivyopokea wanagenzi katika karakana yetu ya kuchomelea vyuma, na leo nimepata nafasi ya kutimiza ahadi hiyo. Namwandikia hasa mwajiri mwenye wafanyakazi kati ya watano na ishirini, anayeweka hesabu zake mwenyewe jioni baada ya kufunga, kwa sababu maelezo mengi niliyokutana nayo yanamfikiria mwenye kiwanda kikubwa aliye na ofisa utumishi na mwanasheria wa kampuni.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kijana anayeletwa na mjomba wake, akashika chuma kinapokatwa, akafagia, akabeba mashine, na kujifunza kwa kuchungulia pale fundi anaporuhusu, huyo ni saidia fundi. Wengi wetu tumepita njia hiyo na siidharau hata kidogo. Mwanagenzi ni mtu mwingine: ana mkataba wa maandishi, muda wa mafunzo unajulikana, kuna orodha ya stadi anazopaswa kuzimudu, kuna siku za kwenda chuoni, kuna mtathmini ambaye si mwajiri wake, na mwishoni kuna cheti kinachotambulika hata akihamia mkoa mwingine. Mwajiri anayemwita saidia fundi mwanagenzi ili apate nguvu kazi ya bei nafuu anamdhulumu kijana, na anawaharibia jina wale wanaofanya jambo hili kwa uaminifu.

Sasa suala la kuandikisha. Wengi hudhani kuna dirisha moja serikalini ambapo mwajiri hujaza fomu na kuondoka na namba ya programu yake. Mimi nilitafuta dirisha hilo kwa wiki nzima. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kwa mwajiri mdogo wa Tanzania Bara njia ya kweli hupitia chuo. Mwongozo wa kitaifa wa mafunzo ya uanagenzi uliotolewa mwaka 2017 unaweka pande zinazohusika, yaani mwajiri, chuo na mwanagenzi mwenyewe, na kila upande una wajibu wake. Wewe hugeuki kuwa chuo. Ukitaka kugeuka kuwa chuo, basi ni lazima usajiliwe kama kituo cha mafunzo, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi hiyo ya usajili ipo NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, wala haipo tena VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kama tulivyozoea. Kwa karakana ya watu kumi na mmoja huo ni mzigo usio na sababu. Tafuta chuo cha ufundi stadi ambacho tayari kimesajiliwa na kinafundisha fani yako, nenda ukazungumze na mkuu wa fani, kisha mkubaliane kwa maandishi ni stadi zipi zitafundishwa darasani na zipi karakanani kwako.

Hapo ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu hasa ya kuanzisha uzi huu. Mwalimu wa chuo alipokuja kutukagua hakuuliza kwanza habari za mashine zetu. Aliuliza nani atamfundisha kijana, na mtu huyo ana cheti gani. Fundi wetu mkuu amechomelea vyuma kwa zaidi ya miaka ishirini, na mageti yake yamesimama katika mitaa mingi ya mji huu, lakini hakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake na fani yake. Alijiona amevunjiwa heshima, na mimi nilikasirika kwa niaba yake. Baada ya kulala na kuamka niliona mwalimu yule ana haki ya kuuliza, kwa sababu siku ya tathmini kijana ataulizwa mambo ambayo fundi wetu huyafanya kwa mkono bila kuyataja kwa jina.

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya, mapungufu yake yanabainishwa, anapewa mafunzo mafupi ya kuyajazia, kisha anatathminiwa na kupewa cheti. Tulimpeleka. Kazi ya mikono ilimletea sifa, lakini kusoma michoro na masuala ya usalama kulimtaka akae chini na daftari. Alirudi akiwa mwalimu bora kuliko alivyoondoka, kwani safari hii alijua namna ya kueleza kwa nini mshono wa chuma unapasuka, wakati zamani angeuvunja tu na kumwambia kijana arudie.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwajiri yeyote anayefikiria jambo hili ni huu: mwandikishe fundi kabla ya kumwandikisha kijana. Usianze na matangazo, wala usianze na posho.

Nitaendelea na gharama katika bandiko linalofuata, kwa sababu hili limekuwa refu.

Mwanzisha uzi

Naendelea na fedha. Nitatoa hesabu za karakana yetu jinsi zilivyokuwa, na kila mmoja aweke zake mahali pa zangu.

Gharama ambayo watu huifikiria kwanza ni posho. Sisi tulilipa shilingi 5,000 kwa siku kwa kila mwanagenzi, tukiwa na wanagenzi wawili, kwa siku 26 za mwezi, yaani shilingi 260,000. Vijiti vya kuchomelea, mawe ya kukatia na vyuma vya kufanyia mazoezi vilikula kama shilingi 60,000 kwa mwezi. Vifaa kinga, yaani viatu, glovu za ngozi, aproni, miwani na kofia ya kuchomelea, vilitugharimu shilingi 120,000 kwa kila kijana, mara moja tu mwanzoni.

Gharama kubwa ambayo haimo kwenye risiti yoyote ni saa za fundi. Fundi wetu mkuu analipwa shilingi 650,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa saa 208 za kazi, saa yake moja ni shilingi 3,125. Katika miezi mitatu ya kwanza alitumia takriban saa mbili kila siku kuwafundisha vijana wale, yaani saa 52 kwa mwezi, na hizo ni shilingi 162,500 za muda ambao hakushika kazi ya mteja. Ukijumlisha, mwezi mmoja wa mwanzo ni shilingi 482,500, na miezi mitatu pamoja na vifaa kinga ni shilingi 1,687,500. Kuanzia mwezi wa nne vijana walianza kukata na kusaga wenyewe, na saa za fundi zikapungua hadi nusu, kisha zikazidi kupungua.

Naiandika hesabu hii kwa urefu kwa sababu nimeona waajiri wawili wakianza kwa moyo mweupe na kuacha mwezi wa pili. Walikuwa wameandaa posho lakini hawakuandaa saa za fundi, kwa hiyo kazi ya mteja ilipochelewa lawama ilimwangukia kijana. Sisi tuliamua mapema kwamba katika miezi ile mitatu tutapokea oda chache, na wateja wa kudumu tukawaeleza sababu.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika mapato yetu wenyewe, na tuliiingiza vitabuni kama gharama ya biashara ikiwa na vielelezo vyake: mkataba, orodha ya mahudhurio, na sahihi ya kijana kila alipopokea posho. Bila vielelezo hivyo huwezi kumweleza ofisa wa kodi fedha zimekwenda wapi. Ada ya siku za chuo tuligawana na wazazi, na baadaye nilijuta, kwani mzazi mmoja alishindwa katikati ya mwaka. Nikirudia leo, mwajiri atalipa ada yote hata kama itabidi kupokea kijana mmoja badala ya wawili.

Mchangiaji (mhasibu, Dar es Salaam)

Mkuu, hongera kwa uzi wenye hesabu. Naomba kuongeza kuhusu Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ile tunayoiita SDL, kwa sababu waajiri wengi wanaichanganya.

Tozo hii hulipwa TRA, yaani mamlaka ya mapato, kila mwezi na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya mwaka 2021 kizingiti kilikuwa wafanyakazi 4, ndiyo maana wakongwe bado wanaitaja namba hiyo. Kiwango chake kimekuwa kikishuka: kiliwahi kuwa asilimia 6 ya jumla ya malipo ya wafanyakazi, mwaka 2016 kikafika asilimia 4.5, na kuanzia Julai 2023 kikawa asilimia 3.5. Hulipwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake, hairuhusiwi kumkata mfanyakazi. Katika makusanyo hayo theluthi moja huenda VETA na theluthi mbili huingia Hazina, jambo ambalo vyama vya waajiri vimelilalamikia kwa miaka mingi.

Mkuu, ukituambia jumla ya mishahara yenu tutaona tozo hiyo inalinganaje na gharama ulizotaja.

Mwanzisha uzi

Ndugu mhasibu, nashukuru sana. Mishahara yetu kwa mwezi ni kama shilingi 4,800,000. Kwa asilimia 3.5 tozo ni shilingi 168,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,016,000 kwa mwaka. Kumbe ile miezi mitatu migumu ya kuwafundisha wanagenzi wawili inagharimu pungufu ya tozo ya mwaka mmoja! Mwajiri anayelipa tozo hii na bado akabeba gharama zote za wanagenzi peke yake analipia mafunzo mara mbili. Siombi kufutiwa tozo, kwa sababu chuo kinachowapokea vijana wangu kinaendeshwa pia kwa fedha hizo. Ninachoamini ni kwamba mwajiri mwenye mkataba halali wa uanagenzi na daftari la mafunzo lililosainiwa na chuo anastahili kupunguziwa kiasi fulani katika tozo ya mwezi husika. Hilo likifanyika, karakana nyingi ndogo zitafungua milango.

Mchangiaji (seremala, Mwanza)

Mkuu, mimi nina wafanyakazi wanane. Nikipokea wanagenzi wawili, je, nitahesabiwa kuwa na wafanyakazi kumi na kuanza kulipa hiyo tozo? Swali hili ndilo linalonizuia.

Mchangiaji (mhasibu, Dar es Salaam)

Fundi, swali lako ni la msingi. Inategemea malipo unayowapa yana sura gani na mkataba unasemaje. Ukimlipa mshahara, ukamkata kodi ya ajira na kumchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huna namna ya kusema si mfanyakazi wako. Ushauri wangu ni kupiga hesabu zako ukichukulia kwamba watahesabiwa, kisha upeleke mkataba katika ofisi ya TRA ya eneo lako na kuomba maelekezo kwa maandishi kabla ya kuanza. Usiwaache nje ya orodha kwa matumaini kwamba hakuna atakayegundua, kwa sababu faini na riba zitakuja kukuumiza kuliko tozo yenyewe.

Mwanzisha uzi

Naunga mkono, na niongeze jambo linalohusu usalama, ambalo nalitaja kwa uchungu. Kabla ya kuwa na utaratibu wowote tuliwahi kumpokea kijana kwa mazungumzo ya mdomo tu. Wiki ya pili aliangalia mwanga wa kuchomelea bila kioo, na usiku ule macho yakamwasha kama yametiwa mchanga. Alipona baada ya siku chache, lakini gharama za hospitali zilikuwa zetu, na mama yake aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu yuko kwako kama nani?" Tangu siku hiyo hakuna kijana anayeshika chombo chochote kwetu bila mkataba.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamhesabu pia mtu aliye kwenye mkataba wa uanagenzi, kwa hiyo mwingize katika orodha unayopeleka WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya malipo yake, fedha ndogo mno ukilinganisha na jicho la mtoto wa mtu. Vilevile eneo lako la kazi liwe limesajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kijana apimwe afya kabla ya kuanza. Kuhusu umri, sheria ya ajira hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mazingira hatarishi, na ingawa ipo nafasi ya mafunzo yaliyowekewa masharti, karakana yenye moto, umeme na mashine za kusagia si mahali pa kujaribu tafsiri za sheria. Sisi tunapokea waliotimiza miaka 18 tu.

Mchangiaji (mwalimu wa ufundi, Arusha)

Nawapongeza wote. Kwa upande wa vyuo niseme kwamba mpangilio huu wa siku za chuo na siku za kazini si jambo geni nchini. VETA kwa kushirikiana na chemba ya mafundi stadi ya Hamburg, Ujerumani, waliendesha mafunzo ya namna hii, na Chuo cha Taifa cha Utalii kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani kiliendesha uanagenzi wa hoteli wa miaka miwili. Kinachokosekana kwa waajiri wadogo ni daftari la mafunzo. Mwajiri ananiletea kijana hodari kabisa, lakini daftari lina kurasa tupu za miezi minne, na mtathmini hawezi kuthibitisha kisichoandikwa. Tafadhali tengeni dakika kumi kila Ijumaa, fundi na kijana wajaze pamoja, na fundi aweke sahihi.

Kuhusu fedha, wapo wanaouliza juu ya mfuko wa kuendeleza ujuzi uliokuwa chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ule ulikuwa wa ushindani na ulilenga sekta sita: kilimo na usindikaji, utalii, uchukuzi, ujenzi, TEHAMA na nishati. Karakana moja peke yake isingeweza kuandika andiko la kushindana na vyuo, lakini karakana tano zilizoungana na chuo zilikuwa na nafasi. Hata kwa ufadhili wowote utakaotangazwa mbele, nawashauri muungane kabla tangazo halijatoka. Pia fuatilieni programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako serikali imekuwa ikilipia mafunzo ya vijana vyuoni kwa muda wa miezi sita. Kijana aliyepita huko anafika kwako akiwa tayari anajua misingi, na zile saa za fundi alizozihesabu mwanzisha uzi zinapungua.

Mchangiaji (Nairobi)

Nimesoma kutoka jirani na nimeona tofauti moja ambayo huenda ikawasaidia katika hoja yenu ya tozo. Kwetu Kenya mwajiri hutoa shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na tozo hiyo ni ya NITA, mamlaka iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mafunzo ya viwandani ya mwaka 2011. Mkataba wa uanagenzi husajiliwa huko huko NITA, na mwajiri aliyelipa tozo anaweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi awe ameomba kibali kabla ya mafunzo kuanza. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kuomba wakiwa wamekwisha kumaliza. Ipo pia nafuu ya kodi ya mapato kwa mwajiri anayepokea wahitimu wasiopungua kumi kwa miezi 6 hadi 12, lakini ninyi wenye karakana mtaona mara moja kwamba idadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya fundi mdogo wa mitaa ya Nairobi kama Gikomba au Kariobangi.

Mchangiaji (seremala, Mwanza)

Nashukuru kwa majibu yote. Swali langu la mwisho: umemfundisha kijana kwa mwaka mzima, umelipa ada, umepoteza saa za fundi, kisha anahitimu na kwenda kwa mshindani wako wa ng'ambo ya barabara. Mmelishughulikiaje hili?

Mwanzisha uzi

Fundi, limenitokea. Katika wawili wa kwanza mmoja alibaki nasi na mwingine aliondoka mwezi uleule alipopata cheti. Nilishauriwa kuweka kifungu cha kumfunga kwa miaka miwili au arudishe gharama, na nikakataa, kwa sababu kijana aliyefungwa kwa deni hufanya kazi kama mtu anayehesabu siku.

Tulichofanya ni kuandika katika mkataba kiwango cha mshahara atakachoanza nacho iwapo atafaulu na akapenda kubaki, akakijua tangu siku ya kwanza. Aliyebaki anasema hicho ndicho kilichomshika. Aliyeondoka alijiunga na wenzake wanne, wakaomba mkopo wa vijana katika ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, wakanunua mashine yao. Mwezi uliopita tulipata oda ya madirisha ya shule ambayo isingetoshea mikono yetu, nikampigia simu, tukagawana kazi. Fundi mkuu ndiye aliyekwenda kuikagua mishono yao, na aliporudi aliniomba nimtafutie kijana mwingine wa kuanza Januari.

Nakala ya mkataba wetu nimeiondoa majina na sahihi. Anayeihitaji aniandikie faraghani, nitamtumia pamoja na mfano wa ukurasa mmoja wa daftari la mafunzo ulivyojazwa.